Toleo la Kwanza la Tarishi na Wiki ya Mwisho ya Mama Kui

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, Bi. Waringa Muriuki anastaafu baada ya kukitumikia Kituo cha Mawasiliano cha Jirani kwa miaka ishirini na tisa na miezi saba. Mimi nilikuwa nimeandika miaka thelathini, ili ipendeze kwenye jalada la kijitabu hiki. Aliiona rasimu juu ya meza yangu, akachukua kalamu yangu mwenyewe, akafuta, akaandika hesabu ya kweli pembeni, kisha akaenda zake. Msomaji atakayetaka kumjua mama huyu kwa haraka anaweza kuishia hapo.

Hapa ndani hakuna anayemwita Bi. Waringa. Ni Mama Kui, ingawa Kui mwenyewe sasa ni mama wa watoto wawili na anaishi Nakuru. Hata barua ya Wizara iliwahi kuja imeandikwa “Kwa Mhandisi Mama Kui”, na ikafika.

Kituo chetu kilianzishwa na shule na zahanati chache za Eastlands, mashariki mwa jiji, zilizochoka kila moja kujitafutia taipureta yake. Mama Kui aliajiriwa Aprili 1996 kama tarishi. Alibeba barua, matokeo ya mitihani na maombi ya dawa kwa miguu, kutoka ofisi yetu ya Buruburu, ghorofa ya pili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, mpaka Makadara, mpaka Industrial Area, mpaka popote palipokuwa na mtu anayengoja karatasi. Akikuta lango limefungwa, hakuisukuma barua chini ya mlango wala hakumwachia mwenye kibanda cha jirani. Aliandika kwenye daftari saa aliyofika, akarudi nayo, na kesho yake akaenda tena. Madaftari hayo yapo hadi leo. Nimeyasoma. Kuna zahanati moja aliyoiendea siku tano mfululizo na bahasha ileile, na siku ya tano ameandika tu: “Wamefungua.”

Mwaka 1999 Kituo kilipewa kompyuta mbili, na watumishi wote wakaambiwa wasiziguse mpaka fundi aje. Fundi alichelewa miezi mitatu. Alipofika alimkuta tarishi amekwisha soma kitabu chote cha maelekezo wakati wa chakula cha mchana, na ana maswali kumi na manne. Inasemekana fundi alijibu sita. Miaka miwili baadaye Mama Kui ndiye aliyekuwa akiwaita mafundi na kuwaonyesha walipokosea, kwa upole unaomfanya mtu atamani kupigiwa kelele.

Mimi nilijiunga mwaka 2008. Nilikuja na tai, diploma na imani kubwa juu ya vyote viwili. Kabla ya chai ya saa nne nilikuwa nimezima mtandao wa shule sita. Nilikaa pale nikitazama taa za mitambo zikizimika moja moja, nikifikiria nitakavyomweleza mke wangu kwamba kazi ilidumu saa mbili. Mama Kui alivuta kiti akaketi kando yangu. “Haya Shiundu,” alisema, “nionyeshe ulichofanya. Pole pole, ndio tujue pa kurudia.” Tangu siku hiyo nimeharibu vitu vingi vikubwa zaidi, na kila mara kiti kimevutwa kando yangu vivyo hivyo. Sijui nani atakivuta Jumatatu. Hilo nimelifikiria wiki nzima, na naliandika hapa mapema ili lisinisumbue huko mbele.

Wapo watakaomkumbuka kwa sweta yake ya rangi ya udongo, ambayo tulimnunulia nyingine mara tatu na mara tatu akaipeleka kanisani kwa wahitaji. Wapo watakaomkumbuka kwa jinsi asivyolipenda neno “karibu”. Ukimwambia kazi imekaribia kwisha, anakuuliza imebaki nini, na anataka orodha. Alipohamia kwake Njiru tulidhani hatimaye tutamtangulia kufika ofisini, kwa sababu sasa alikuwa na Barabara ya Kangundo nzima mbele yake kila asubuhi. Hatukumtangulia hata siku moja. Tulichopata ni kusikia, pamoja na salamu, habari za nyanya zake.

Lakini wenzangu wa idara ya mitambo wangenishangaa nisingeeleza kwa urefu habari ya Tarishi, kwa kuwa ndiyo iliyoshika wiki yake ya mwisho, na kidogo imshinde. Ingemshinda, ingekuwa kwa mkono wangu.

Tarishi ni programu ya seva. Kwa wasomaji wa idara ya fedha: ni programu inayokaa kwenye kompyuta isiyozimwa, ikipokea ujumbe wa shule au zahanati na kuupeleka unakokwenda. Ubaya wa mtaa wetu ni kwamba umeme hukatika, na waya za mtandao huchimbuliwa na watu wanaotafuta waya nyingine. Programu tulizozijua zilijaribu mara mbili tatu, zikachoka, zikautupa ujumbe. Mwaka 2014 Mama Kui alianza kuandika ya kwake, na aliiandika vile alivyotembea. Ikikuta upande wa pili umefungwa, inaandika saa, inarudi na ujumbe, inakwenda tena. Haichoki na haitupi. Vijana walileta majina ya kila aina ya kuipa. Yeye alisema ina jina tayari.

Kwa miaka kumi na mmoja Tarishi imefanya kazi katika shule tisa na zahanati tatu, zote zetu, zote tunazijua kwa majina ya watoto wa walinzi. Na kwa miaka hiyo yote Mama Kui alikuwa na hamu moja. Alitaka kuitoa nje iwe programu huria, yaani mtu yeyote aichukue bure, aifungue ndani, aisome, airekebishe, awape wengine. Alitaka itumiwe na mtu asiyemjua. “Hawa wetu wananiheshimu,” aliniambia mara moja tukiteremka ngazi. “Mtu ananionea haya, hawezi kuniambia imekataa. Nataka mtu ambaye hajawahi kunywa chai yangu.”

Kwa nini basi haikutoka mapema? Kwa sababu ya orodha. Kila tulipokaribia, aliuliza imebaki nini, tukampa orodha, na orodha ikaisha ikiwa imezaa nyingine. Agosti mwaka huu, kwenye kikao cha wafanyakazi wote, alisimama akasema toleo la awali, lile la sifuri nukta moja, litatoka kabla hajaondoka, na atalitoa kwa mkono wake. Hajawahi kuahidi kitu mbele ya watu. Mkurugenzi aliacha kuandika.

Septemba yote na nusu ya Oktoba tulikuwa watu wa kusafisha nyumba kabla ya wageni. Khalayi, mwenzetu mdogo kuliko wote katika idara na mwepesi kuliko wote, aliandika maelekezo ya jinsi ya kuiweka programu kwenye mashine mpya. Mimi nilipewa kazi ya kupitia maandishi ya ndani na kuondoa maelezo ya aibu, mengi yakiwa yangu. Mahali pamoja nilikuwa nimeandika, mwaka 2016: “Sijui kwa nini hii inafanya kazi. Tafadhali msiniulize.” Mama Kui alisema hilo libaki, ni la kweli.

Halafu ikaja siku ya kukalia mikono. Huu ni utaratibu wake na nadhani hauko kwingine. Hakuna toleo linalotoka hapa kabla ya mtu wa nje, asiye wa kompyuta, kupewa mashine iliyofutwa kabisa na karatasi ya maelekezo. Sisi tulioandika tunaketi nyuma yake, viganja vikiwa chini ya mapaja, vinywa vimefungwa. Ukicheka, ukiguna, ukisogeza kiti, unatoka nje. Mimi nimewahi kutolewa kwa kukohoa. Nilikuwa na homa kweli, lakini Mama Kui alisema nilikohoa kwenye mstari wa nne, na mstari wa nne ndio uliokuwa na kosa.

Safari hii mtu wa nje alikuwa Ardo, karani wa zahanati moja iliyo Mukuru kwa Reuben, ambaye huandikisha wagonjwa kwa kasi ya ajabu na hana subira na mtu yeyote. Alisoma maelekezo kwa sauti, akalaumu hatua ya tatu, akaiweka Tarishi kwa dakika arobaini. Ujumbe ukaenda, ukarudi. “Ni hii tu ndio inawafanya mkae kama watu wa matanga?” alituuliza. Khalayi alimkumbatia. Siku ya kutoa toleo ikawekwa Jumatatu, tarehe 27, saa tisa alasiri.

Jumatatu hiyo asubuhi, Muoki wa stoo alipanda na fomu ya kumaliza utumishi. Anayestaafu hurudisha kila kilicho chini ya jina lake: kiti, funguo, kompyuta. Chini ya meza ya Mama Kui kulikuwa na mashine moja kuukuu, nyeusi, iliyofanya kazi tangu tulipohamia upande huu wa jengo. Muoki ni mtu wa fomu. “Mama Kui, mimi sikufukuzi,” alisema akipiga magoti. “Nafuata tu karatasi.” Mama Kui alimwambia aichukue, ni yake kihalali, na aifute vumbi kwanza asije akapiga chafya mpaka kwenye ngazi. Muoki akaichomoa.

Ilikuwa saa tatu na dakika chache. Saa tatu na nusu simu ililia. Alikuwa Ardo. “Mama Kui, mashine yako imeninyamazia. Naituma, inaniangalia tu.” Kabla hajamaliza, simu ya Khalayi ikalia, kisha yangu. Shule ya kwanza, ya pili, ya nne. Tarishi zote zilikuwa zimewaka, zina umeme, zina mtandao, na hakuna hata moja iliyokuwa ikipokea ujumbe.

Khalayi ndiye aliyelipata. Alimwita Mama Kui kwa sauti ya chini, jambo ambalo si kawaida yake. “Mathe, njoo uone. Na wewe Shiundu, njoo ukiwa umekaa.” Kulikuwa na mstari mmoja uliosema hivi: kabla ya kupokea ujumbe wowote, iulize mashine iliyo chini ya meza ya Mama Kui kama orodha ya anwani ni sahihi. Usipojibiwa, ngoja. Na Tarishi, kwa tabia iliyopewa, ilikuwa ikingoja kwa uaminifu mkubwa. Kando ya mstari kulikuwa na maelezo: “Kwa muda tu. Shiundu, Novemba 2014.”

Kumbukumbu ilinirudia yote. Tulikuwa na haraka, orodha ya anwani ilikuwa kwenye mashine yake, nikaona niiulize hiyo leo, nitengeneze vizuri kesho. Miaka kumi na mmoja mashine hiyo, yenye betri yake ya akiba, haikuzimwa hata siku moja, kwa hiyo ile kesho haikunidai. Kila tulipojaribu toleo tulifuta kompyuta ya mtu wa nje mpaka ikawa tupu, tukajipongeza. Hatukukumbuka kuifuta ofisi. Ardo aliiweka Tarishi kule Reuben kwa kutumia mtandao wetu, na huku Buruburu, chini ya meza, mashine ya Mama Kui ilikuwa ikiitikia kimya kimya, ndiyo, ndiyo, ni sahihi. Mtu wa mbali angeichukua programu yetu, akaiweka, akangoja jibu kutoka meza ya mama mmoja aliyekwisha kwenda nyumbani kumwagilia nyanya.

Muoki alirudisha mashine, ikachomekwa, shule zikaamka. Kisha tukakaa, sisi watatu, na chai ambayo hakuna aliyeinywa.

Nilisema kile ambacho mtu mwenye kosa husema. Nilisema tuitoe tu leo kama ilivyopangwa, tuandike kasoro hiyo kwenye maelezo ya toleo. Ni toleo la awali, kila mtu anajua toleo la awali lina kasoro. Khalayi alisema afadhali tungoje Novemba, tuirekebishe bila presha. Aliposema Novemba alimtazama Mama Kui, akaona alichokisema, akashika kikombe.

Mama Kui alikuwa amevaa ile sweta. Alikuwa akiangalia mashine yake, na mimi nilikuwa nikiangalia viatu vyangu. Ile ahadi ya Agosti ilikuwa imebaki na siku nne.

“Shiundu,” alisema, “kasoro si neno. Toleo la kwanza likiwa na kasoro, watu watatuandikia, tutazitoa. Lakini haliwezi kutoka nje likinitegemea mimi. Hiyo haitakuwa imetoka. Itakuwa imesimama mlangoni.” Kisha akamgeukia Khalayi. “Tuko na mpaka Ijumaa. Tukishindwa, utalitoa wewe Novemba, na mimi nitasikia kama watu wengine. Sitakasirika.” Alisema hivyo vizuri sana. Ila alikuwa ameshika kitufe cha sweta akikizungusha, na sijawahi kumwona akifanya hivyo.

Jumanne na Jumatano tulifanya kazi ambayo sikujua ina uzito wa namna ile. Tulisoma Tarishi nzima, mstari kwa mstari, kutafuta kila mahali inapomjua Mama Kui, na kumtoa. Ule mstari wangu ulikuwa wa kwanza tu. Tulipata mingine sita. Saa za kujaribu tena zilifuata ratiba yake ya zamani ya kutembea, saa tatu, saa sita, saa tisa. Zahanati zilitangulizwa mbele ya shule, kwa sababu yeye alizitanguliza. Hilo tuliliacha, lakini sasa mwenye mashine anaweza kubadilisha. Kulikuwa na ukurasa mzima uliodhani kwamba Jumapili hakuna kazi.

Alikuwa mchangamfu, lazima niseme. Alifuta mistari yake kama mtu anayetoa nguo za watoto waliokua, akiinua mmoja, akitucheka. “Huu nani aliuandika? Ni mimi? Aki nilikuwa mjinga.” Khalayi alicheka naye. Mimi nilijifanya nina kazi kwenye dirisha.

Wa saba ulikuwa namba ya simu. Tarishi yoyote ikikaa saa kumi na mbili bila kufikisha ujumbe, hutuma arafa kuomba msaada, na namba iliyoandikwa mle ndani ilikuwa yake. Khalayi alianguka mezani kwa kicheko. “Mathe, fikiria. Mtu huko nje dunia nzima, seva imemlalia, na simu inalia Njiru. Unaacha kuku unaenda kusaidia.” Mama Kui alicheka pia. Kisha Khalayi akanyoosha mkono afute, na Mama Kui akasema, “Hiyo wacha. Nitaitoa mwenyewe.”

Hakuitoa mara moja. Aliendelea na vingine, akajibu barua, akapanga droo. Simu hiyo imemwamsha alfajiri kwa miaka kumi na mmoja. Nimemsikia akiilalamikia kwenye kila karamu ya Krismasi. Nilipopita nyuma yake saa kumi kasorobo, ule mstari ulikuwa bado uko kwenye kioo na yeye alikuwa akiuangalia tu. Niliporudi na maji ya kunywa ulikuwa umekwenda, na mahali pake palikuwa na nafasi tupu ambayo mwenye mashine ataandika namba yake mwenyewe.

Alhamisi asubuhi tulikwenda tena kwa Ardo. Safari hii mashine nyeusi ilikuwa stoo, imezimwa, imesainiwa, Muoki ameikalia karibu. Hata mtandao wetu hatukuutumia. Ardo aliunganisha kompyuta kwa simu yake binafsi, akatuambia bando likiisha tutajua hatujui. Tulikalia mikono. Alisoma maelekezo kwa sauti. Hatua ya tatu aliipita bila kulaumu, na Khalayi akajiinua kidogo kitini kwa furaha, bila mlio. Ardo aliandika ujumbe, akautuma. Khalayi aliuchomoa mtandao kabla ujumbe haujaondoka, akauacha dakika kumi, akaurudisha. Ujumbe ulikuwa umengoja. Ukaenda wenyewe.

Nilimwangalia Mama Kui. Kilichotendeka pale ndicho alichokitamani kwa miaka yote, programu yake ikifanya kazi bila kumwuliza chochote. Alikuwa ameketi juu ya viganja vyake, mabega yamepanda, akiitazama kama mzazi anavyotazama mtoto aliyeingia darasani bila kugeuka nyuma. Ardo, ambaye hana subira na mtu, alimwangalia pia, akaacha kuandika. “Mama Kui,” alisema, “imekubali. Toa mikono sasa, zitakufa ganzi.”

Saa tisa na dakika kumi alasiri, toleo la sifuri nukta moja la Tarishi lilitoka. Alilitia sahihi yake ya siri inayothibitisha kwamba ni letu, akabonyeza mwenyewe, mbele ya idara nzima na Muoki, aliyedai amekuja kuhesabu viti. Mahali palipoandikwa “Kwa maswali, mwandikie” hakuwa ameweka jina lake. Aliweka la Khalayi. Khalayi alisoma, akasema atatoka kidogo, akakaa kwenye ngazi kitambo.

Naandika haya jioni hiyohiyo ya Alhamisi, mchapishaji akinipigia kila robo saa. Sherehe ni kesho saa nane. Kufikia sasa Tarishi imechukuliwa na watu kumi na tisa. Kumi na saba tunawajua. Wawili kati yao ni Kui, kwa simu na kwa kompyuta. Lakini mwendo wa saa kumi na moja iliingia barua kutoka kwa mtu tusiyemjua, katika mji ambao Khalayi alilazimika kuutafuta kwenye ramani. Hakusalimu sana. Alisema ameiweka, inapokea, lakini hatua ya sita ya maelekezo haieleweki, na yeyote aliyeiandika hajawahi kuwa na mashine ya zamani.

Mama Kui alisimama upesi, kama anavyosimama siku zote, akafika nusu ya chumba kuelekea kiti cha Khalayi. Hapo akasimama. Alimwomba Khalayi amsomee barua kwa sauti. Akamwomba aisome tena. Hakuna mtu aliyewahi kufurahia kukosolewa kiasi kile, na uso wake ulikuwa vile nisivyojua kueleza, kwa hiyo sitaeleza. “Anasema kweli,” alisema. “Mjibu.” Khalayi akauliza kama atayaangalia majibu kabla hayajatumwa. Mama Kui alisema hapana. Akachukua mkoba wake, akaaga kwa zamu kila meza, akateremka ngazi kabla yetu, jambo ambalo sijaliona tangu 2008. Tulibaki kumsikia akimjulia hali mwenye duka chini, kisha kelele za barabara zikachukua nafasi yake. Khalayi aliandika jibu, akalifuta, akaliandika upya. Nilivuta kiti nikaketi kando yake. Sikuwa na msaada wowote, lakini nilikaa.

Mama Kui, kazi yako imetoka siku moja kabla yako, kama ulivyotaka. Asante kwa madaftari, kwa chai, kwa maswali kumi na manne na kwa kutonipigia kelele siku niliyostahili. Tumeanza kukuonea hamu ukiwa bado unapanda ngazi zetu, na kesho utakapokata keki tutatabasamu kwa sababu umetuomba. Tunakuombea siku njema kule Njiru, nyanya zikubali, wajukuu waje na wakae, na simu yako ya alfajiri ilale mpaka jua litoke. Jumatatu saa tatu tutakuwa na swali. Tutajitahidi tusikupigie. Ikitushinda, na mimi najijua, usipokee haraka. Iache ilie kidogo, ndio tujifunze.